Newman na barua zake 20,000: kwanini alihama kanisa, na kwanini pande zote mbili zilimshuku

Tarehe 1 Novemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza John Henry Newman kuwa Mwalimu wa Kanisa, heshima wanayopewa watakatifu wachache ambao mafundisho yao yanalifaa Kanisa zima, na tangu hapo swali limekuwa lile lile kila ukikaa na watu wa parokiani, huyu Mwingereza ni nani hasa, alikuwa Mwanglikana au Mkatoliki, na inakuwaje wapo wanaomtumia kuwabana Waprotestanti na wapo wanaomtumia kumbana Papa, mtu yule yule. Jibu lililozoeleka ni kwamba alikuwa padre wa Kianglikana, akaongoka mwaka 1845, akaishia kuwa kardinali. Sio uongo, ila halielezi kitu, tena linafanya ionekane kama alilala Mwanglikana akaamka Mkatoliki. Mimi naamini kumwelewa Newman ni lazima uingie kwenye barua zake. Zimebaki kama 20,000, zimechapwa pamoja na shajara zake kwenye vitabu 32, kazi iliyoanza kutoka 1961 na ikakamilika 2008 (walianzia katikati, na kitabu cha 11, yaani mwaka 1845 wenyewe). Humo ndo unamwona mtu anahama polepole, kwa maumivu, huku akiwaaga watu mmoja mmoja.

Mwenyewe alilijua hilo. Mwaka 1863 alimwandikia dada yake Jemima kwamba maisha ya kweli ya mtu yako kwenye barua zake, kwasababu wanaoandika habari za mtu baadaye wanapaka rangi, wanambunia nia, wanakisia alijisikiaje, lakini barua iliyoandikwa wakati mambo yanatokea ni ushahidi. Basi akazitunza kweli kweli, akinakili, akikusanya, akipanga na kuweka maelezo pembeni. Na bahati nzuri kuanzia Januari 1840 posta ya Uingereza iliweka bei moja ya peni moja kwa barua ya kawaida kwenda popote nchini, kwahiyo miaka yake migumu kuliko yote iliangukia kipindi ambacho kuandika barua kumekuwa rahisi kwa kila mtu.

Twende mwanzo kwa kifupi. Alizaliwa London 21 Februari 1801, baba yake akiwa na benki, na benki ikaanguka 1816 baada ya vita vya Napoleon. Mwaka huo huo, akiwa kijana wa miaka 15, alipata mageuzi ya imani kwa mwalimu wake wa Kiinjili, Walter Mayers, na mpaka uzeeni hakuwahi kuyakana mageuzi yale, aliyahesabu kuwa mwanzo wa kila kitu. Akaingia Trinity College, Oxford, akafanya vibaya mtihani wa mwisho kwa kujichosha, halafu 1822 akapata nafasi Oriel, chuo kilichokuwa na vichwa vikali kuliko vyote wakati ule. Mwaka 1828 akawa kasisi wa kanisa la St Mary's, kanisa la chuo kikuu, na mahubiri yake ya Jumapili mchana yakawa yanajaza vijana.

Kabla sijaendelea, kuna jambo linalotugusa huku kwetu. Mwaka 1829 Newman alichaguliwa kuwa mmoja wa makatibu wa tawi la CMS hapo Oxford, shirika la kimisionari la Kianglikana, ile ile CMS iliyomtuma mmisionari Krapf Mombasa 1844 na baadaye ikaenda Uganda na bara ya Tanzania. Mwaka 1830 wakamwondoa, kwasababu alitaka shirika liwe chini ya maaskofu na wao hawakutaka. Na ule mwamko ambao yeye na wenzake walikuja kuuanzisha Oxford ndio uliolea mapadre wengi wa UMCA, misheni nyingine ya Kianglikana, waliojenga kanisa kuu la Mkunazini Zanzibar pale palipokuwa soko la watumwa, wakaenda Magila, wakaenda Masasi. Kwahiyo ukishangaa kwanini Mwanglikana wa Zanzibar, Tanga au Masasi ana uvumba, kitubio na misa inayofanana na ya Kikatoliki, wakati Mwanglikana wa Dodoma au Nairobi anasali kwa namna nyingine kabisa, jua unauona ugomvi wa Oxford wa miaka ya 1830 umefika mpaka Afrika Mashariki kwa meli mbili tofauti.

Sasa ugomvi wenyewe ulikuwa nini. Kanisa la Anglikana ni kanisa la dola, mfalme ndiye mkuu wake na bunge linalitungia sheria. Mwaka 1833 serikali ikapitisha sheria ya kufuta majimbo 10 ya maaskofu kule Ireland. Unaweza kusema ilikuwa ishu ya bajeti tu, majimbo yenyewe yalikuwa na waamini wachache, lakini kasisi mwenzake Newman, John Keble, akapanda mimbarini St Mary's tarehe 14 Julai 1833 akasema taifa linamwasi Mungu, kwasababu kanisa sio idara ya serikali. Newman alikuwa ndo kwanza amerudi safari ya Mediterania, alikougua huko Sicily karibu afe. Yeye, Keble, Hurrell Froude na baadaye Pusey wakaanza kutoa vijitabu, 90 kwa jumla, hoja kuu ikiwa moja: mamlaka ya askofu hayatoki kwa waziri mkuu, yanatoka kwa mitume kupitia kuwekewa mikono, kizazi hadi kizazi. Kanisa la Anglikana, walisema, ni njia ya kati, halikupunguza kama Waprotestanti wala halikuongeza kama Roma.

Hapo ndipo fundo lenyewe lilipo, na wengi wanaliruka. Newman hakuvutwa na uzuri wa Roma. Waitalia, sanamu, ibada za watu wa kawaida, vyote hivyo vilimkera kwa muda mrefu sana. Alichofanya ni kuipima nadharia yake ya njia ya kati kwa historia ya Mababa wa Kanisa, yaani walimu wa Kikristo wa karne za mwanzo, na nadharia ikavunjikia mikononi mwake. Kiangazi cha 1839 alikuwa anasoma ule mgogoro wa karne ya 5 wa Wamonofisiti, waliosema Kristo ana asili moja tu. Kulikuwa na wakali wa upande mmoja, kulikuwa na Roma upande wa pili, na katikati kulikuwa na watu wa wastani, wenye busara zao, wanatafuta maneno ya kuwaridhisha wote. Hao wa katikati ndio waliohesabiwa kuwa wazushi. Newman aliandika baadaye kwamba alijiona uso wake kwenye kioo kile na yeye alikuwa Mmonofisiti. Wiki chache mbele rafiki akamwonyesha makala ya padre Mkatoliki Wiseman juu ya Wadonati, kundi la Afrika Kaskazini lililojitenga na Kanisa, yenye maneno ya Mtakatifu Augustino kwamba hukumu ya ulimwengu mzima wa Kanisa ni salama. Maneno yale yalimganda. Kama kundi la mahali pamoja, hata liwe na wasomi na maaskofu halali, linaweza kuwa nje kwasababu tu limejitenga na wengine wote duniani, je Uingereza iko wapi?

Halafu 1841 zikaja kofi mbili. Alitoa kijitabu namba 90 akijaribu kuonyesha kwamba vile Vifungu 39 vya imani ya Kianglikana vinaweza kusomwa kwa maana ya Kikatoliki, maaskofu wakamshukia mmoja baada ya mwingine. Na mwaka huo huo serikali ikakubaliana na Prussia kuweka askofu wa pamoja Yerusalemu, Mwanglikana zamu hii na Mlutheri zamu ijayo, kama vile mafundisho ni kitu cha kugawana kidiplomasia. Mtu aliyetumia miaka minane kuhubiri kwamba kanisa sio idara ya serikali akabaki hana pa kushika.

Hivi, kati ya 1839 na 1845 ni miaka sita. Kwanini hakuhama mara moja? Hapa barua ndo zinaongea. Mei 1843 anamwandikia Keble kwa siri kwamba anavyoweza kujichunguza, anaona ushirika wa Roma ndio Kanisa la mitume, na kwamba ana uhakika zaidi kuwa Uingereza imejitenga kuliko kuwa nyongeza za Roma ni makosa. Septemba mwaka ule akajiuzulu St Mary's na tarehe 25 akahubiri mara ya mwisho kama kasisi wa Kianglikana kwenye kanisa dogo alilolijenga Littlemore, nje ya Oxford, mahubiri ya kuwaaga marafiki, na watu walilia kanisani. Akabaki Littlemore na vijana wachache wakisali na kufunga, na bado hakuhama. Hofu yake ilikuwa kwamba anaweza kuwa anadanganywa na hasira, au na kiburi, au na kuchoka tu, na akili ya mtu ina uwezo mkubwa wa kujitengenezea sababu. Kwahiyo akangoja aone kama imani hiyo itakaa.

Barua inayonigusa kuliko zote ni ya 15 Machi 1845 kwa Jemima. Anamwambia dada yake kwamba ana jina zuri kwa wengi na analitoa sadaka kwa makusudi, kwa wengine wengi zaidi ana jina baya na sasa anawatimizia walichokuwa wanakitamani. Anawahuzunisha wote anaowapenda, anawayumbisha wote aliowafundisha, anaenda kwa watu asiowajua na asiotegemea makubwa kutoka kwao, anajifanya mtu wa kutengwa, tena kwa umri ule. Ni nini kingine kinachoweza kusababisha haya, anauliza, kama sio ulazima usiokwepeka? Alikuwa na miaka 44. Ukiisoma barua hii huwezi tena kusema alihama kwa kutafuta cheo.

Kilichobaki kilikuwa pingamizi moja, nalo ni lile lile unaloulizwa na ndugu yako Mlokole mpaka leo: kama Kanisa Katoliki ndilo la mitume, mbona lina mambo ambayo mitume hawakuyataja? Toharani, heshima kwa Bikira Maria, mamlaka ya Papa, yalitoka wapi? Mwaka 1845 Newman alisimama kuandika kitabu kizima juu ya swali hilo, kitabu cha ukuaji wa mafundisho. Jibu lake ni kwamba ukweli uliofunuliwa uliwekwa kwenye akili za watu walio hai, na wazo lililo hai halikai kama lilivyo, linaulizwa maswali mapya, linagombana na mawazo mengine, na katika kugombana linajitambua. Watu husema kijito ni safi zaidi kikiwa karibu na chemchemi. Yeye akasema kwa imani kubwa ni kinyume, mto unajulikana vizuri zaidi ukishajichimbia mkondo wake, ukawa mpana na wenye kina. Hata Utatu Mtakatifu, ambao Mwanglikana na Mlokole wanaukiri bila shida, ulichukua mpaka karne ya 4 kuelezwa kwa maneno tunayoyatumia. Hapa duniani, aliandika, kuishi ni kubadilika, na kuwa mkamilifu ni kuwa umebadilika mara nyingi.

Ila tusimfanye mtu wa "kila kitu kinabadilika". Aliweka alama saba za kutofautisha ukuaji na uharibifu. Kwa ufupi, je aina ya kitu imebaki ile ile, je kanuni zake zinaendelea, je kinachokuja kinalinda kilichotangulia au kinakifuta? Wanaomnukuu kuhalalisha lolote jipya wanasahau alama hizo, na wanaomnukuu kuzuia jipya lolote wanasahau kichwa cha kitabu. Kitabu chenyewe hakukimaliza. Kabla ya mwisho alikuwa ameshaamua.

Tarehe 8 Oktoba 1845 alikaa Littlemore akiandika barua, nyingi, moja kwa kila mtu wa karibu, maneno karibu yale yale: usiku huu namngoja padre Dominic wa Shirika la Mateso, nitamwomba anipokee kwenye zizi moja la Mkombozi, barua hii haitatumwa mpaka yote yawe yamekwisha, na wala haihitaji kujibiwa. Yaani hakutaka mtu aje kumzuia, na hakutaka mtu alazimike kumjibu kwa uchungu. Padre Dominic Barberi, Mwitalia, alifika usiku ameloa chapa chapa maana alisafiri juu ya gari la farasi kwenye mvua. Tarehe 9 akampokea. Februari 1846 Newman akaondoka Oxford, na kwa miaka 32 akawa anaiona minara yake tu kutoka dirishani kwenye treni. Dada yake Harriett alikuwa ameshajitenga naye na hawakupatana mpaka alipofariki 1852.

Ungedhani upande wa pili walimpokea kwa vigelegele. Mwanzoni ndiyo, akapewa upadre Roma 1847, akaanzisha Oratorio ya Mtakatifu Filipo Neri, jumuiya ya mapadre, huko Birmingham 1848, akaitwa Dublin kuanzisha chuo kikuu cha Kikatoliki. Lakini 1859 aliandika makala akisema Kanisa linapopima mafundisho liwasikilize pia walei, na akatoa mfano wa karne ya 4, pale maaskofu wengi walipoyumba kwenye uzushi wa Ario, aliyekana umungu kamili wa Kristo, na waamini wa kawaida ndio wakaishika imani. Askofu mmoja akamshtaki Roma. Kwa miaka mingi akawa mtu wa kuangaliwa kwa jicho la pembeni, na 1867 Monsinyori Talbot, mtu wa karibu na Papa Pio IX, alimwandikia askofu mkuu Manning kwamba Dr Newman ndiye mtu hatari kuliko wote Uingereza, na kwamba kazi ya walei ni kuwinda, kupiga risasi na kukaribisha wageni. Manning mwenyewe alikuwa mwongofu kutoka Anglikana vilevile, na barua zake na Newman ni za adabu yenye barafu. Mwaka 1869 Newman alimwambia wazi kwamba kila akishughulika naye hajui kama amesimama kwa miguu au kwa kichwa.

Na Waingereza Waprotestanti nao walikuwa wanamwona mwongo. Januari 1864 Charles Kingsley, mwandishi na kasisi wa Kianglikana, aliandika kwenye jarida kwamba kusema kweli hakujawahi kuwa fadhila kwa mapadre wa Roma, na kwamba Newman ndiye anayefundisha hivyo. Newman akaandika kwa wachapishaji kuuliza, nimesema wapi? Barua zikaenda na kurudi, Kingsley hakuweza kuonyesha, ila hakuomba radhi inavyotakiwa. Newman akazichapa barua zote watu wasome wenyewe. Kingsley akajibu kwa kijitabu kikali zaidi, na hapo mzee wa miaka 63 akaamua kueleza maisha yake yote ya imani, sehemu moja kila Alhamisi kuanzia 21 Aprili, siku nyingine akiandika saa 16, mara moja saa 22, huku analia. Aliwezaje kukumbuka miaka 30 kwa usahihi ule? Aliwaandikia marafiki wa zamani wa Kianglikana, ambao wengine hawakuwa wamesemezana naye karibu miaka 20, akawaomba wamwazime barua zake za zamani. Wakamwazima. Ndo maana Apologia, kitabu kilichotoka humo, kimejaa vipande vya barua zenye tarehe, na ndo maana watu waliamini. Na urafiki ukarudi, Septemba 1865 akakutana na Keble na Pusey mezani kwa Keble, miezi michache kabla Keble hajafariki.

Rafiki mwingine ambaye lazima nimtaje ni William Froude, mdogo wake Hurrell, mhandisi wa meli ambaye jina lake bado liko kwenye hesabu za mawimbi. Huyu hakuamini. Msimamo wake ni kwamba mtu mkweli hawezi kuwa na uhakika kamili juu ya chochote, kila hitimisho liwe wazi kusahihishwa. Mke wake Catherine alipokelewa Ukatoliki 1857, lakini yeye na Newman wakaendelea kubishana kwa barua kwa miongo bila kutukanana hata mara moja. Kitabu cha Newman cha 1870 juu ya namna mtu anavyofikia kukubali jambo kimetokana kwa sehemu kubwa na mabishano hayo: kwenye maisha halisi hatupati uhakika kwa hoja moja kama hesabu, tunaupata kwa dalili nyingi ndogo zinazoelekea sehemu moja, na akili ya mtu mzima inajua zimetosha lini. Aprili 1879, akiwa Roma kupokea ukardinali, Newman alikuwa bado anamwandikia barua ndefu juu ya swali hilo hilo. Froude alifariki Simon's Town, Afrika Kusini, tarehe 4 Mei, hakuipata.

Ukardinali wenyewe karibu upotee kwa barua. Papa Leo XIII alitaka kumpa, ila kawaida kardinali asiye askofu wa jimbo alitakiwa kuishi Roma, na Newman alikuwa na miaka 77, hataki kuiacha Oratorio yake. Akaandika barua ya adabu kueleza hilo bila kuonekana anampangia Papa masharti. Manning akaisoma kama amekataa, na gazeti la The Times likatangaza hivyo hivyo. Ikabidi marafiki waandike upya kuweka mambo sawa, na Papa akamruhusu abaki Birmingham, alikofariki 11 Agosti 1890.

Nimeacha makusudi fundo la mwisho, lile la Papa na dhamiri. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulitangaza 1870 kwamba Papa hawezi kukosea anapofundisha rasmi kwa mamlaka yake yote juu ya imani na maadili. Newman aliliamini fundisho, alichopinga ni presha na haraka ya waliolisukuma, na barua yake ya siri kwa askofu wake juu ya hao watu ikavuja magazetini. Mwaka 1874 Gladstone, aliyekuwa waziri mkuu, akaandika kwamba sasa Mkatoliki hawezi kuwa raia mwaminifu maana amemkabidhi Papa akili yake. Newman akajibu 1875 kwa barua ya wazi kwa Duke wa Norfolk, mtawala wa cheo Mkatoliki, na humo ndo mna ile sentensi inayonukuliwa kila mahali, kwamba akilazimika kunyanyua glasi baada ya chakula kwa ajili ya dini, atainyanyua kwa Papa, sawa, lakini kwa dhamiri kwanza na kwa Papa baadaye.

Wengi wanaishia hapo, na wanakosea. Kwake dhamiri ni sauti ya Mungu inayomdai mtu, inayomzuia, na mara nyingi inamwambia asichotaka kusikia. Wenye kuitumia kumaanisha haki ya kufanya wanavyojisikia aliwakemea kwenye barua hiyo hiyo. Halafu akatofautisha: kutokukosea kwa Papa kunahusu mafundisho ya jumla, dhamiri inahusu tendo hili, leo, nifanye au nisifanye, kwahiyo haviko kwenye njia moja ya kugongana. Inapotokea amri ya Papa, sio fundisho, ikapingana na dhamiri ya mtu, basi mtu huyo ana wajibu wa kufikiri sana, kusali, kutumia kila njia ya kujua ukweli, na mzigo wa kuthibitisha uko kwake, sio kwa Papa. Akishafanya hayo yote na bado anaona ni dhambi, asitii. Mtu aliyengoja miaka sita alikuwa anajua anachokiandika.

Kama utasoma kitu chake kimoja tu, soma sehemu ya 5 ya barua hiyo kwa Duke, ni kurasa chache, halafu rudi kwenye ile ya Machi 1845 kwa Jemima, uzisome zote mbili siku moja.